Naomba ushauri: makangaga mawili ya Amani, spora hazifanani. Ni spishi mbili?

Kangaga_Mlimani: Wakuu, nimekwama. Nina sampuli mbili za Asplenium, jenasi ya makangaga, kutoka Amani, Usambara Mashariki. Majani yanafanana, ila kwenye hadubini spora (chembe za uzazi) za A zina umbo la haragwe na mikunjo kama mabawa. Za B ni haragwe tupu, laini. Naweza kuziandika spishi mbili?

MzeeWaSlaidi: Umepima ngapi? Pima angalau 30 kila sampuli, urefu bila mabawa. Spora kubwa mara nyingi huashiria seti za kromosomu zimeongezeka, na kwa Asplenium hilo ni la kawaida. Usizilaze kwenye jeli ya glisarini kabla ya kupima, huvimba.

MamaMimea: Natumaini hukung'oa mmea mzima. Jani moja lenye vifuko vya spora na kipande cha shina chenye magamba vinatosha. Msitu una wenyewe jamani.

Hadubini40: A na B umeziandaa kwa njia moja? Jibu hilo kwanza.

Kangaga_Mlimani: B niliichemsha kwenye mchanganyiko wa asidi na anhidridi. A niliiweka kwenye glisarini moja kwa moja, anhidridi iliisha. Sioni kama ni tatizo, sura nzima nimeshaiandika. Halafu ndani ya B kuna hata spora za pembetatu zenye alama ya Y, sasa hiyo si tofauti kubwa?

Hadubini40: Ndilo tatizo lenyewe. Mchanganyiko ule, sehemu 9 za anhidridi ya asetiki kwa 1 ya asidi salfuriki, mara nyingi hubandua ganda la nje, na mikunjo ya Asplenium ni ya ganda hilo hilo. Umelinganisha aliyevaa kanzu na aliyevuliwa. Na uoshe kwanza kwa asidi asetiki isiyo na maji. Maji yakibaki, mchanganyiko utakurukia usoni.

SinaImani: Wakuu, tunachezewa. Spora ya Asplenium ina mstari mmoja ulionyooka. Y imetoka wapi? Hii stori ya kutunga, anataka afanyiwe kazi ya darasani.

Kangaga_Mlimani: Sijatunga, kaka. Gazeti nililokaushia B ndilo nililokaushia Pteris, kangaga la jenasi nyingine, wiki moja kabla.

MzeeWaSlaidi: Basi Y imepata mwenyewe. Ziangalie tena, utaona ukingo kama mkanda kiunoni: ni Pteris. Tupa vumbi lote la gazeti hilo. Rudi kwenye jani, chagua vifuko vilivyokomaa ambavyo havijapasuka, uvitoe kwa sindano kimoja kimoja, uvipasulie ndani ya tone la glisarini. Hesabu spora za kila kifuko: 64 ni kawaida. Ukipata 32 kubwa, zenye afya, huenda mmea unazaa bila kurutubishwa. Zikiwa zimesinyaa na hazilingani, shuku chotara.

SinaImani: Samahani mkuu, kumbe gazeti.

Kangaga_Mlimani: Na sura yangu? Msimamizi anaisubiri Ijumaa.

Hadubini40: Usiitume. A na B zote bila asidi, siku moja, glisarini ya chupa moja. Karatasi mpya kwa kila jani.