Picha za harusi zinaharibika zikiwa kwenye diski ya mtandao

Studio_Chake
Assalamu alaykum. Tuna studio ndogo ya picha hapa Chake Chake, na picha zote za wateja tunaziweka katika diski ya mtandao ambayo kompyuta zetu za mapajani huifikia kwa Wi-Fi. Tangu tulipoanza kutumia programu ya kupangia picha, ambayo kwayo tunaandika majina ya watu na kuzigeuza picha zilizolala, baadhi ya mafaili ya JPEG yanaharibika: mengine huonyesha nusu ya juu tu na chini yakawa kijivu kitupu, mengine hayafunguki kabisa, ilhali vijipicha vyake katika programu vinaonekana vizima. Nyingi ni picha za harusi za upande wa wanawake, na wenyewe hawaridhii zipandishwe kwenye hifadhi za intaneti. Je, kosa ni la diski, la mtandao au la programu?

Fundi_Mlandege
Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Kijipicha kisikuhadae, kwa sababu programu huweka akiba yake ya vijipicha, na JPEG ya kamera kwa kawaida hubeba picha ndogo karibu na mwanzo wa faili, hivyo mkia ukikatika yenyewe husalimika. Faili zima huanza kwa baiti FF D8 na huishia FF D9. La kwako lenye kijivu huenda halina mwisho huo.

Ukigeuza picha au ukiandika jina ndani yake, mara nyingi programu huliandika faili zima upya. Iliyotengenezwa kwa uangalifu huandika kwanza faili la muda, kisha hulibadilisha jina; isiyo na uangalifu huandika juu ya lile la asili. Sasa umeme ukikatika (na sisi wa visiwani tunaujua), kompyuta yako inaendelea kwa betri, lakini ruta na diski ya mtandao huzimika papo hapo, na faili lililokuwa njiani linabaki kipande. Ningeanza kwa kuviwekea hivyo viwili UPS, yaani kifaa cha betri kinachoendeleza umeme ukikatika.

Bint_Wete
Nakubaliana nawe kuhusu umeme, ila tusiihukumu programu mapema. Mwishoni mwa 2007 Microsoft ilikiri kwamba Windows Home Server, mfumo wake wa seva za nyumbani (kompyuta za kuhifadhia mafaili ya mtandao), ikiwa na diski zaidi ya moja iliweza kuharibu mafaili yaliyohaririwa moja kwa moja juu yake, na miongoni mwa programu zilizotajwa ilikuwamo Windows Live Photo Gallery. Kasoro ilikuwa katika seva, na ikarekebishwa Julai 2008 kwa sasisho la Power Pack 1.

Kwa hiyo pima. Nakili picha za kadi moja ya kamera ambayo haijafutwa katika folda mbili za diski hiyo. Moja itumieni kama kawaida, nyingine programu isiifikie kabisa. Baadaye linganisha alama za SHA-256 (nambari zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, nazo hubadilika faili likibadilika) za folda isiyoguswa na za kadi. Zikitofautiana, chunguza diski, kumbukumbu (RAM) ya kifaa cha diski ya mtandao na njia ya kunakilia. Zikilingana, na zinazoharibika ni zile zilizoguswa tu, basi kosa liko katika hatua ya kuyaandika mafaili upya.

Studio_Chake
Ahsanteni sana. Je, zilizokwisha haribika zinaweza kurudi? Na kazi tuifanyeje wakati tunapima?

Fundi_Mlandege
Sehemu isiyokuwamo tena ndani ya faili hairudi, isipokuwa kutoka kwenye kadi au nakala nyingine. Kama mlipiga RAW pia (faili la data ghafi ya kamera), jaribuni kuitoa JPEG iliyofichwa ndani yake, kwani kamera nyingi huiweka.

Kazi ifanyeni kwenye diski ya ndani ya kompyuta, kisha picha zikishakamilika mzinakili kwenye mtandao. Katika mipangilio, iamuruni programu iandike majina katika mafaili ya pembeni ya XMP, yaani mafaili madogo ya maelezo yanayokaa kando ya picha, badala ya ndani ya picha. Programu ya picha ya DigiKam, kwa mfano, ina chaguo hilo. Na msitegemee RAID, yaani diski mbili zinazoandikwa data ileile kwa pamoja, kuwa nakala ya akiba: faili likiharibiwa na programu, diski zote mbili hupokea uharibifu uleule. Nunueni diski ya nje, iunganisheni wakati wa kunakili tu, na msizifute kadi kabla ya hapo.