Gumzo la ukoo: Sanamu ya kipilefti

Doto: Shikamooni wote. Natoka kikao cha mtaa hapa Magu. Kipilefti chetu kinataka kuwekewa sanamu ya mzee Paul Bomani. Kila kaya elfu tano.

Mjomba Pasiansi: Marahaba. Huku Mwanza tuna samaki kwenye kipilefti, na mimi sijachangishwa hata mia.

Kulwa: Mchoro nimeuona. Suti, tai, mkono juu kama anasimamisha daladala 😂

Shangazi: Sasa avae nini, kaptula?

Kulwa: Simaanishi hivyo shangazi. Waziri wa Fedha wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika, 1962. Akaja kuwa balozi Washington. Suti ni haki yake.

Babu: 🎤 3:12

Baba Mdogo: Babu, niko kazini, siwezi kufungua sauti.

Mama Kulwa: Nimekaa naye hapa, ngoja niandike. Anasema: "Suti ni ya Dar. Huku Usukumani kijana yule alijulikana kwa mizani. Alitoka kuwa karani Mwadui kwenye almasi, akaja Mwanza kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Hapo ndipo alipoanza kuzunguka kwa wakulima wa pamba."

Doto: Mizani imeingiaje?

Mama Kulwa: "Mimi nilikuwa mtoto, nashika kamba ya punda. Gunia linaning'inizwa, mnunuzi anasogea karibu kama anasoma namba, kumbe goti lake liko chini ya gunia linanyanyua. Baba anapiga hesabu ya ratili nyumbani, sokoni zinapungua. Ukisema, unaambiwa rudi na pamba yako, na punda keshachoka."

Shangazi: Eeh, hilo la goti hata mama alikuwa analisimulia.

Mama Kulwa: "Basi wakulima wakaweka mpimaji wao pembeni, wa kupima kwanza. Ukienda kwa mnunuzi unajua mzigo wako. Ushirika ulianzia hapo, siyo kwenye hotuba."

Baba Mdogo: Na 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions. Kabla ya uhuru pamba ya Kanda ya Ziwa ikawa inapita humo. Halafu kumbukeni TANU ilikuwa imezuiwa Usukumani, 1954 hadi 1958. Mtu akitaka kukutana na wenzake ahoji mambo, mahali ni kwenye chama cha pamba.

Mjomba Pasiansi: Sawa, lakini msisahau yaliyofuata. Mimi chama chetu cha msingi kilichukua pamba ya msimu mzima. Risiti ninayo, hela hadi leo sijaiona. Sasa nitoe elfu tano niwapigie makofi?

(kimya dakika kumi)

Babu: 🎤 0:21

Mama Kulwa: Anasema: "Hilo ni la watu wengine na miaka mingine, na wewe una haki. Ndiyo maana naitaka ya kijana, mkono kwenye mizani. Anayekuja kuiba apite akiiangalia."

Mjomba Pasiansi: Haya, hapo babu amenifunga mdomo.

Kulwa: Mchongaji ataiona wapi mizani ya 1950 aichonge? Hata mtandaoni naona za saluni tu.

Shangazi: Ya marehemu baba si ipo kwangu jikoni?

Doto: Shangazi!! Ile yenye ndoano?

Shangazi: Ndiyo hiyo. Nimetundikia vitunguu.

Baba Mdogo: Tuma picha ya uso wake, ule wenye namba.

Shangazi: 📷

Kulwa: Naona vitunguu na mjusi.

Shangazi: Subirini niviteremshe basi. Ila mchongaji akija aje na ndoano nyingine, vitunguu vyangu siviweki chini.

Mjomba Pasiansi: Doto, elfu tano inatumwa namba ipi?