Naomba ushauri: betri ya kampa kwenye baridi kali

Habari zenu wakuu. Niko Minnesota, Marekani. Januari huku baridi hushuka hata chini ya nyuzi 20 hasi. Kampa yangu (gari la kulala safarini) inalala nje hadi Aprili, mbali na umeme, na sola ya juu ikishafunikwa na theluji ni pambo tu. Betri ya taa na friji ni AGM (aina ya betri ya asidi iliyozibwa), amperi-saa 100. Najua ikijaa haigandi kirahisi, ikiisha chaji ndiyo huganda na kupasuka. Sasa niifungue niiweke ndani (mke hataki kuiona sebuleni), au nichomoe waya wa hasi niiache humohumo? Fundi ananisukuma ninunue lithiamu, lakini hiyo si ndiyo haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0? Wazoefu, nisaidieni.