Halmashauri Katavi, hospitali binafsi Dar au misheni: nichague mwajiri yupi?

MuuguziWaMbagala
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi wa diploma, huu ni mwaka wa tatu niko hospitali binafsi hapa Dar. Juzi jina langu limetoka kwenye ajira za TAMISEMI. Nimepangiwa halmashauri moja mkoani Katavi, kituo ni zahanati, na natakiwa kuripoti ndani ya siku 14. Nilipomgusia metroni (mkuu wetu wa wauguzi), kesho yake nikaitwa ofisini: mkataba mpya wa miaka miwili, 800,000 kabla ya makato. Sasa hivi napata 650,000. Kama haitoshi, hospitali ya misheni huko Nyanda za Juu Kusini, niliyoomba mwaka jana hata nikasahau, nayo imenipigia: 600,000, nyumba ndani ya uzio bure, maji bure, umeme najilipia.

Mama yangu ana presha na sukari, dawa namnunulia mimi. Sina mtoto. Nataka kusoma digrii, ikiwezekana baadaye nibobee kwenye wagonjwa mahututi. Mchumba yuko Dar (hili msilikuze).

Nimebakiza siku tisa. Karibuni.

KitandaNambaSaba
Serikalini. Uzi ufungwe.

BabaWawili_Tabata
Usifungwe. Nimekaa halmashauri miaka sita na nikaondoka kwa miguu yangu mwenyewe, hakunifukuza mtu. Mshahara wa Hazina unaingia kila mwezi, hilo silikatai, hata mvua ikinyesha mawe. Shida ni vile vingine vyote. Posho ya kuitwa kazini usiku, nauli ya likizo, fedha ya kujikimu ya kuripotia: nilidai mpaka mhasibu akiniona mlangoni anaanza kutafuta simu yake. Kupanda daraja, mwenzangu tulioajiriwa siku moja alipanda, mimi nikaambiwa faili halionekani. Faili lilikuwa juu ya kabati, nalitazama kwa macho yangu.

Leo niko binafsi, chumba cha upasuaji, nalala kwangu Tabata. Ila na wewe jiulize: huyo wa Dar kama leo anaweza kukulipa 800,000, jana 650,000 ilikuwa ya nini?

MhasibuWaZahanati
Tuweke hesabu mezani, maana nyuzi kama hizi watu wanalinganisha mishahara kwa masikio.

Chukua 800,000 hiyohiyo kwa waajiri wawili. Serikalini unakatwa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 5, yaani 40,000, na NHIF (bima ya afya) asilimia 3, yaani 24,000. Kodi inapigwa kwenye 760,000 iliyobaki baada ya PSSSF, inakuja 68,000. Mkononi 668,000. Binafsi wengi wanakata NSSF, mfuko wao wa pensheni, asilimia 10, yaani 80,000. Kodi kwenye 720,000 ni 60,000. Mkononi 660,000. Umeona? Aliye serikalini amepita kwa elfu nane na kadi ya bima anayo mfukoni.

Pensheni inayowekwa ni sawa kwa wote wawili, 160,000 kwa mwezi. Tofauti ni kwamba serikalini mwajiri anaweka asilimia 15 na wewe 5, huku kwingine mnagawana kumi kwa kumi. Kama ulikopa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa popote utakapokwenda, hiyo haina pa kujificha.

Kuhusu mama: kadi ya NHIF ya mtumishi inambeba mwenza na wategemezi wengine hadi wanne, na mzazi yumo. Wewe huna mtoto. Andika gharama ya dawa za mama kwa mwezi, halafu ijumlishe kwenye ule mshahara wa Katavi ndipo ulinganishe.

Na huo mkataba mpya usome mstari kwa mstari. 800,000 ni mshahara au ni mshahara na posho?

MuuguziWaMbagala
Mhasibu umenishtua, nimeutoa kwenye bahasha sasa hivi. "Mshahara 500,000. Posho ya nyumba na usafiri 300,000." Nimeingia kwenye taarifa zangu za NSSF, michango ya hii miaka yote imepigwa kwenye 400,000 tu. Na kuna miezi minne haipo kabisa.

KitandaNambaSaba
Nilisema ufungwe.

MhasibuWaZahanati
Hiyo miezi minne dai sasa ukiwa bado ndani, kwa barua, nakala ubaki nayo. Ukishatoka utaambiwa aliyekuwa anashughulikia ameacha kazi.

Metroni_Mstaafu
Mwanangu, mimi nimefanya hospitali ya misheni miaka 27, tena hospitali teule (ya kanisa lakini inatumika kama hospitali ya wilaya), kwa hiyo nakupa ya ndani.

Kuna vitu wanavyofanya vizuri kuliko wote. Nyumba ni kweli. Mashine ikiharibika kuna fundi, na bohari ya dawa ina mtu mwenye daftari. Daktari unamgongea mlango usiku kwa sababu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwako. Wauguzi waliopita mikononi mwangu hawakuogopa kazi popote walipokwenda. Bugando na KCMC zote mbili zimefunguliwa mwaka 1971, ni za makanisa, na mpaka leo wagonjwa wa kanda nzima wanapelekwa huko. Kwa hiyo mtu asikudharaulie neno misheni.

Sasa upande wa pili. Uliza swali hili kabla ya yote: nitalipwa na nani? Kwenye hospitali teule kuna watumishi wanaolipwa na Hazina na kuna wanaolipwa na hospitali kutokana na makusanyo. Wodi moja, ripoti moja ya asubuhi, kitabu kimoja cha dawa, lakini mishahara miwili. Mwezi wa makusanyo mabaya, nusu ya zamu imepata na nusu inangoja. Nimewahi kupanga rosta ya Desemba huku najua nani kala sikukuu na nani hajala. Inaumiza, na inavunja wodi kimyakimya.

Ukienda kufanya usaili usiulize mshahara peke yake. Omba kuiona rosta ya mwezi uliopita, ile iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya sista, siyo ile iliyochapwa. Hesabu majina, halafu hesabu herufi za usiku kwenye jina moja. Iliyofutwafutwa kwa kalamu nyeupe kila mstari, jua watu wanaacha kazi au wanaugua. Wakikataa kukuonyesha, umeshapata jibu.

MuuguziWaMbagala
Shikamoo mama. Ya kwetu naijua bila kuomba. Mwezi huu nina usiku kumi na nne, saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, na wiki moja nilipiga sita mfululizo.

Metroni_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hiyo wiki ni saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema 45 ndizo za kawaida, na za ziada zisizidi 50 kwa majuma manne. Wiki mbili za namna hiyo zinamaliza za mwezi mzima.

MhasibuWaZahanati
Na saa ya ziada ni mara moja na nusu. Ukichukulia 800,000 kwa saa 195 za mwezi, saa moja ni kama 4,100, hivyo ya ziada ni kama 6,150. Usiku nao una nyongeza ya asilimia 5 kwa saa, ila hiyo usiitegemee sana: saa kumi, kuanzia saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi, ni kama shilingi elfu mbili. Chipsi kavu.

Lakini kumbuka ujanja wa mkataba wako. Msingi umeandikwa 500,000, kwa hiyo nao wakilipa watahesabu kutoka hapo.

ZahanatiNdaniNdani
Mimi niko Katavi, mwaka wa nne, zahanati. Wenzangu hapo juu hawajamwambia dada anakwenda kufanya nini.

Dada, huko hutakuwa muuguzi wa wodi. Sisi tuko wawili na mhudumu mmoja wa afya. Asubuhi kliniki ya wajawazito, mchana chanjo, katikati wagonjwa wa nje, jioni unajaza vitabu vya MTUHA (rekodi za huduma). Usiku anakuja mama na uchungu kwenye bodaboda, unazalisha, unamwandika Kitabu namba 12 cha waliojifungua, unafua mashuka. Mimi miezi nane tu nikawa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, siyo kwa ubora, aliyekuwepo alikwenda kusoma. Kuanzia hapo ni FFARS (mfumo wa hesabu za kituo), manunuzi, vikao vya kamati ya zahanati, na mwenyekiti wa kitongoji anayetaka kujua kwa nini dawa ya minyoo imekwisha.

Machi mwaka jana nilipata mama anavuja damu baada ya kujifungua, saa nane usiku, mvua. Nimeweka dripu mikono miwili, oksitosini nimechoma, nakanda mfuko wa uzazi kwa mkono mmoja na mwingine umeshika simu napiga 115. Gari la m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, lilifika baada ya saa moja na nusu kwa sababu ya daraja. Mama yuko hai, mtoto wamempa jina langu. Sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kujifunza kiasi kile kwa usiku mmoja. Hospitali ya mjini kazi ile wangeifanya watu watano, mimi ningekuwa nashika tochi.

Ubaya: upweke. Nyumba ya mtumishi ina popo. Mtandao unapatikana ukipanda kwenye kichuguu nyuma ya choo. Uhamisho usiuwaze miaka mitatu ya mwanzo.

ICU_Naiti
Mleta mada kasema anataka wagonjwa mahututi, hilo mmeliruka. Niko kwenye moja ya hospitali za taifa. Wagonjwa mahututi hujifunzi zahanati hata ukae miaka kumi. Unajifunza penye mashine za kupumulia na watu wanaozijua: Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa Dodoma, hospitali za kanda. Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Benjamin Mkapa mwaka uliofuata, wauguzi waliokuwemo ndani ya vile vyumba walipata ujuzi ambao huwezi kuununua.

Ila mlango wa huku wengi wetu tuliupitia tukiwa tayari watumishi. Ingia serikalini, maliza miezi 12 ya majaribio, upate barua ya kuthibitishwa, jina liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, ndipo uombe ruhusa ya masomo. Unasoma na mshahara unaingia. Mwajiri binafsi wa kukulipa miaka ya digrii, akipatikana nitumieni namba yake.

BabaWawili_Tabata
Jina liingie kwenye mpango. Kasema kama vile ni kuingia dukani.

ICU_Naiti
Mimi liliingia mara ya tatu. Nilipeleka barua kwa mkono kila mwaka na nikasaini kitabu cha mapokezi.

NesiWaKisumu
Salamu kutoka Kenya. Nawasoma nikishangaa mnavyosema mshahara wa serikali ni uhakika. Kwetu afya ilienda kwa kaunti mwaka 2013, na tangu hapo uhakika huo unategemea uko kaunti gani na gavana ni nani. Mwaka 2017 sisi wauguzi tulikuwa kwenye mgomo karibu miezi mitano. Nilirudi kazini nikiwa na deni la duka mpaka leo mwenye duka ananitania. Hospitali za misheni nazo zimeteseka zikingoja pesa za bima, iwe ni NHIF yetu ya zamani au SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024. Kwa hivyo dadangu, kama kwenu Hazina inalipa moja kwa moja, usiichezee hiyo.

BabaWawili_Tabata
La bima nakubali, hata huku lipo. Machi 2024 hospitali binafsi zilipositisha kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei, korido ya kwetu ilikuwa nyeupe. Tulianza kuambiwa tuchukue likizo mapema.

Mkunga_Birmingham
Na sisi wa NHS, hospitali za umma za Uingereza, tuseme. Saa 37.5 kwa wiki, likizo unaanza na siku 27 juu ya sikukuu 8, na rosta unaiona wiki kadhaa kabla. Hilo la rosta ndilo lililonifanya nilie siku ya kwanza, siyo mshahara. Lakini Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba wa watumishi, kwa hiyo hakuna wakala wa Uingereza anayeruhusiwa kuja kukuchukua huko. Unaomba mwenyewe, unafanya mtihani wa Kiingereza na mitihani ya baraza la wauguzi la huku. Mtu akikudai milioni za "kukuunganishia", ni tapeli. Na popote uendapo, usimwachie mwajiri cheti halisi. Cha kwangu kilifungiwa kabatini na mwajiri wa zamani miezi mitano, nikakosa nafasi ya kwanza kwa ajili hiyo.

MuuguziWaMbagala
Wakuu, mrejesho. Jana nimempigia katibu wa ile hospitali ya misheni, nikamuuliza nitalipwa na nani. Kanijibu kwa uungwana kabisa: makusanyo, na mwezi uliopita walilipa tarehe 19 ya mwezi unaofuata. Nimemshukuru kwa ukweli wake. Hapa Dar nimepeleka barua ya ile miezi minne ya NSSF, nimesaini mapokezi. Metroni hajanisemesha tangu asubuhi.

Mama nimemweleza habari ya kadi. Kauliza kitu kimoja tu, kama Mpanda, makao makuu ya Katavi, kuna hospitali ya sukari. Mchumba anasema atafikiria.

Nimeamua ni Katavi, na basi langu ni la Jumanne. ZahanatiNdaniNdani, godoro nibebe au huko yapo?

ZahanatiNdaniNdani
Magodoro Mpanda mjini yamejaa, usihangaike. Beba neti, gambuti, na taa ya sola yenye chaja ya simu. Na ukifika halmashauri siku ya kwanza, usitoke hujajaza fomu ya fedha ya kujikimu.

BabaWawili_Tabata
Na umwombe mhasibu namba yake ya pili.