Vioo vya umeme vya Benzi 230E ya 1984 vinapanda kwa kujikokota

Kijana wa Chumbageni

Wakuu habari zenu. Nina Benzi 230E, ile W123, ya mwaka 1984. Ni ya baba. Alinikabidhi ufunguo mwaka juzi macho yalipoanza kumsumbua, ila kila Ijumaa nampeleka nayo msikitini, yeye anakaa mbele kushoto.

Ijumaa iliyopita mvua ilitushukia ghafla tukitoka Pangani. Nikabonyeza swichi ya kioo cha upande wake. Kikapanda kidogo, kikasimama, kikapanda tena. Nilihesabu sekunde 14. Kanzu ya mzee ililowa bega lote na hakusema neno. Iliniuma sana.

Vioo vyote vinne viko hivyo, cha mzee ndicho kibaya zaidi. Kushuka vinashuka vizuri kiasi. Betri ni mpya. Gereji moja imeniambia ninunue mota zote nne. Fedha hiyo sina, na hata ningekuwa nayo sitaki kung'oa kitu kilichokuja na gari kabla sijajua kinaumwa nini. Nianzie wapi?

Dereva Mstaafu

Pole kwa mzee. Usinunue mota. Zile raba ambamo kioo kinateleza zimekauka. Zisafishe, kisha puliza silikoni. Silikoni tu, usipake grisi wala oili, raba inavimba na vumbi linaganda humo. Kwenye Peugeot 505 yangu kazi hiyo peke yake ilitosha.

Fundi Umeme Mombasa

Mwenzangu hapo juu yuko sawa kuhusu raba, lakini kijana amesema vyote vinne. Mota nne haziumwi siku moja. Vikilegea pamoja, tafuta kwanza mahali vinapokutana: fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), arthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), na swichi zilizo katikati karibu na gia.

Mwanangu, azima mita. Washa injini upime betri, iwe karibu volti 14. Halafu toa kava la ndani la mlango wa mzee, upime kwenye waya mbili za mota wakati kioo kinapanda. Ukipima kimesimama hutaona chochote cha maana. Mota ikipata volti 12 au zaidi na kioo bado kinajikokota, ugonjwa uko mlangoni: raba, grisi iliyoganda kwenye mashine inayoinua kioo, au kaboni za mota (vile vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha. Ikipata 9 au 10, ugonjwa uko njiani na mota haina kosa.

Sasa fyuzi. Gari hilo halina zile bapa za kuchomeka, lina zile zenye umbo la risasi zilizobanwa na vikucha viwili. Za vioo ni nyekundu, ampea 16, utaziona kwenye kikaratasi cha boksi. Kwa hewa yetu ya chumvi, ncha zake zinaota unga mweupe. Ukiipima kwa taa ya testa inawaka, unasema fyuzi nzima. Lakini taa inavuta umeme kidogo sana. Mota inavuta mwingi, na pale penye unga volti zinapotea. Mwambie mtu ashike swichi, wewe izungushe fyuzi kwa vidole pale pale ilipo. Mita ikiruka juu, umeshampata mwizi. Chomoa betri, safisha vikucha, weka fyuzi za shaba badala ya zile za alumini.

Na hili mafundi wengi wanalikosa: mota hiyo haina arthi yake mlangoni. Waya zote mbili zinakwenda kwenye swichi. Upande mmoja unaleta moto, upande wa pili unapeleka arthi, na ukibonyeza kushuka vinabadilishana. Kwa hiyo swichi chafu inaiba mara mbili, kwenye kwenda na kwenye kurudi.

Angalia pia waya zinapopita kwenye mpira kati ya mlango na bodi. Miaka 40 ya kufungua na kufunga, nyuzi za ndani zinakatika na huku nje waya unaonekana mzima.

Mnyamwezi wa Benzi

Fundi, si afunge tu rilei kila mlango, moto utoke moja kwa moja kwenye betri? Mimi nilifanya hivyo, vioo vinapanda kama vya gari jipya.

Fundi Umeme Mombasa

Zinasaidia, sikatai, hasa kama swichi zimeshachoka na mpya hazipatikani. Lakini kila mlango utahitaji rilei mbili, kupanda na kushuka, na waya mpya zenye fyuzi yake. Na kama raba ni kavu, unamlazimisha mgonjwa akimbie. Asafishe kwanza, apime, ndipo aamue.

Kijana wa Chumbageni

Shikamoo fundi. Nimerudi na majibu.

Jumapili betri ilisoma 13.9. Kwenye mota ya mzee, kioo kikipanda, 9.3! Mdogo wangu akazungusha fyuzi, baba ameshika swichi, mimi mita. Ikaruka hadi 10.9, kioo kikaongeza mwendo, na mzee akaondoa kidole haraka akidhani amevunja kitu.

Vikucha vilikuwa vimeota unga kama ulivyosema. Nikasafisha, nikaweka fyuzi za shaba. Kisha swichi: nilizifungua juu ya kitambaa cheupe maana kuna springi ndogo ya kuruka. Ndani vidoti vya shaba vilikuwa vyeusi kama masizi, cha mzee kimechimbika katikati. Nikavisugua kwa msasa laini kabisa. Mota sasa inapata 12.5, na muda wa kioo kupanda umepungua kutoka sekunde 14 hadi 8.

Hapo nikamkumbuka Dereva Mstaafu. Kwenye raba za mlango huo kuna mtu zamani alipaka grisi, imechanganyika na mchanga ikawa tope jeusi gumu. Nilichokonoa kwa kijiti nilichovika kitambaa chenye sabuni, jioni nzima. Zilipokauka nikapuliza silikoni. Sekunde 5, bila kusimama.

Milango miwili mingine iko kwenye 5 na 6. Cha nyuma kulia bado 9, ingawa raba ni safi na mota yake inapata 12.3. Nadhani hiyo ndiyo kaboni. Fundi, nikitoa mota, kioo hakitaanguka?

Fundi Umeme Mombasa

Marahaba. Kioo kiwe juu kabisa, kibane kwa utepe wa gundi upite juu ya fremu pande zote mbili. Na kabla hujalegeza mota, funga yale meno ya mashine ya kioo kwa boliti ili yasizunguke, maana mashine hiyo ina springi yenye nguvu na inaweza kukukata kidole. Ukishaitoa, nitumie picha ya kaboni.