Naomba ushauri: chaza na konokono waliokuja na mawe hai kwenye tangi la maji chumvi

Mfugaji wa Lang'ata
Ndugu zangu, nafuga samaki wa baharini nyumbani katika tangi la lita 200, na hivi karibuni nilinunua mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe wadogo ndani yake) kutoka kwa mfugaji mwenzangu aliyekuwa akihama Nairobi. Nilipoyamulika usiku niliona viumbe watatu nisiowatambua. Wa kwanza ana magamba mawili, amejishikiza kwenye ufa, na hujifunga kivuli kinapompitia. Wa pili ni mrija mgumu mweupe ulioganda kwenye jiwe, unaotoa utando wa ute. Wa tatu ni konokono mwenye gamba la umbo la koni, ambaye hutoka mchangani usiku tu. Je, nimtunze yupi na nimtoe yupi? Nina matumbawe machache ambayo nayajali sana.

Mzawa wa Lamu
Ndugu, huyo wa magamba mawili ni wa jamii ya chaza na kome, na nakusihi usimbandue. Amejifunga kwenye jiwe kwa nyuzi zinazotoka kwenye mguu wake, na ukimvuta kwa nguvu unaweza kumjeruhi asipone. Hamdhuru yeyote. Shida yake kubwa ni njaa, kwa sababu hali mwani wa kwenye kioo wala mabaki ya chakula cha samaki, bali huchuja chembe ndogo mno zinazoelea majini, na matangi yetu yenye vichujio vya povu (vinavyotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa) huwa na maji safi kupita mahitaji yake. Ndiyo maana wengi hudhoofika polepole, mwenye tangi asijue. Mpe mwani hai wa hadubini, ule unaouzwa kama maji ya kijani, na uzime kichujio cha povu kwa muda mfupi anapokula. Kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita ili gamba liendelee kukua. Usitumie kamwe dawa ya samaki yenye shaba ndani ya tangi hilo, kwani huua chaza na konokono. Ukimkuta ameachama na hafungi hata ukimgusa, mtoe siku hiyo hiyo, maana nyama yake ikioza hutoa amonia.

Mama Matumbawe
Mrija huo ni wa konokono asiyetembea, anayetega chakula kwa utando wa ute. Utando huo ukiangukia matumbawe huyasumbua mpaka yanajikunja. Vunja mrija kwa koleo kutoka kwenye shina, au uzibe mdomo wake kwa supaglu nzito. Hata hivyo, ukiona shada kama manyoya likichanua mdomoni mwa mrija, huyo ni mnyoo asiye na madhara, mwache.

Fundi wa Matangi, Ngara
Kaka, huyo wa tatu usimshike kwa mkono. Konokono wa koni huwinda kwa jino lenye sumu analolirusha kama chusa, na spishi iitwayo *Conus geographus*, inayopatikana pia katika Bahari ya Hindi, imewahi kuua watu. Mtazame kupitia kioo: koni ana mdomo mwembamba unaokaribia urefu wote wa gamba. Akiwa na macho mawili juu ya vikonyo virefu na mdomo uliopanuka ukingoni, huenda akawa konokono mla mwani, tena mwenye faida kwa mchanga wako. Jambo jingine: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu hubeba oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa. Elekeza pampu isukume uso wa maji, na uwe na pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme unapokatika.

Mfugaji wa Lang'ata
Nashukuru sana. Nimemtazama, na mdomo wake ni mwembamba kutoka juu hadi chini. Nimtoe vipi? Na maji ya kijani nimpe chaza kila siku?

Fundi wa Matangi, Ngara
Tumia koleo refu na chombo kigumu chenye kifuniko, wala usitegemee glavu. Watoto wasikaribie.

Mzawa wa Lamu
Anza na kipimo kidogo mara mbili kwa wiki huku ukipima nitrati, yaani mabaki ya uchafu yanayolimbikizana majini. Isipopanda, ongeza siku moja. Ikipanda, punguza kipimo kwanza.