Kazi ya mwanamume, kazi ya mwanamke: watu wa Nairobi, tupeane uzoefu

Mtu wa Umoja
Wadau, habari zenu. Juzi nimepita mjengo mmoja Donholm nikamsikia nyapara akimwambia msichana aliyekuja kuomba kibarua, "Hapa hatuandiki wasichana, muulize mama wa chakula kama anataka msaidizi." Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, na Katiba ya 2010 inasema hivyo hivyo katika Ibara ya 27. Ila Sheria ya Ajira imeacha upenyo: kama kazi yenyewe inadai jinsia fulani, si ubaguzi. Upenyo huo uwe mpana kiasi gani? Mahubiri sitaki. Namtaka aliyefanya kazi ambayo watu wanasema si ya jinsia yake atuambie nani alimzuia, na kwa sababu gani.

Karai
Mimi ni mwanamke na mjengo umenilisha miaka mingi, kuanzia Kasarani mpaka Syokimau. Mfuko wa simiti ni kilo 50, na kuupandisha begani kwa ngazi za mbao hadi ghorofa ya tatu si mchezo. Lakini wanaume wangapi wanabeba mfuko mzima kutwa nzima? Wengi tunagawana mzigo. Siku ya kumwaga slabu tunajipanga mstari, karai linapita mkono kwa mkono, na hakuna anayeuliza jinsia maana zege likianza kukauka hasara ni ya mwenye nyumba.
Kilichonitesa si uzito, ni choo. Mijengo mingi ina shimo moja lililozungushiwa mabati, komeo hakuna. Mkiwa wanawake wawili, mmoja anasimama mlangoni. Ukiwa peke yako unajibana mpaka jioni. Hilo nyapara halisemi. Yeye anasema "kazi ni nzito".

Nyapara Mstaafu
Dada Karai, la choo umenishinda. Lakini nami nijitetee. Mtu akianguka kutoka juu, anayekwenda kuandikisha taarifa polisi ni mimi, na mwenye nyumba ataniuliza kwa nini nilimpandisha msichana. Akiwa kijana wa kiume haniulizi hivyo. Halafu mimba je? Nilikuwa na mmoja amebeba mawe wiki nzima, kumbe ni mjamzito. Hakusema.

Karai
Mzee wangu, angesema ungemwacha na kazi?

Nyapara Mstaafu
Nisingemwacha nayo. Haya.

Kucha Safi
Mimi ni mwanamume, napaka rangi kucha kwenye jumba moja karibu na barabara ya Tom Mboya. Ukipanda hapo utakuta wengi wetu ni wanaume na wateja walishazoea. Waume zao ndio bado. Kuna bwana alisimama nyuma ya kiti akitazama ninavyomshika mkewe vidole, kucha ya kwanza hadi ya kumi, kimya kabisa. Wakati wa kulipa akaniuliza, "Na wewe una mke?" Mke ninaye, na hizi kucha ndizo zinalipa kodi ya nyumba. Ukweni wanajua nauza vipodozi, na kwa sasa nimewaacha wajue hivyo.

Getini
Hapa sasa mtanielewa. Mimi ni askari wa lango la jumba la maduka, na kazi hii niliipata *kwa sababu* ni mwanamke, maana wanawake hawapekuliwi na wanaume. Ni sawa kabisa. Lakini wanaume tulio nao zamu moja ni watatu, mwanamke ni mimi tu. Wao wanapokezana kwenda kula. Nikitoka mimi, foleni ya akina mama inasimama na msimamizi anapiga simu. Na zamu ya usiku hawanipangi, eti usalama wangu. Nikitaka mapumziko, ni mwanamke wa lazima. Nikitaka usiku, ni mwanamke wa kulindwa.

Nesi wa Usiku
Nesi wa kiume, wodi ya kujifungulia, hospitali siitaji. Usiku mmoja mama mzee kutoka Eastleigh aliziba mlango kwa mkono: "Kijana, hapa huingii." Mwenzangu wa kike alikuwa chumba cha upasuaji, kwa hiyo mkunga aliyebaki ni mimi. Binti yake ndiye aliyejibu kutoka kitandani, "Mama mwache, mtoto anakuja!"
Yule mama simlaumu. Anayetaka mkunga wa kike apewe, kama yupo. Lakini hilo liwe chaguo la mgonjwa. Hospitali ikikataza wanaume wodini, usiku kama ule nani angempokea yule mtoto?

Mtu wa Umoja
Nesi na Getini mmenipa jibu nililokuwa nalitafuta. Mwenye haki ya kuchagua jinsia ni yule anayeguswa mwili: anayepekuliwa, anayejifungua. Hata kwa polisi, sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Kwenye mjengo simiti haina aibu ya kuguswa na yeyote.

Mjukuu wa Mpishi
Babu yangu alikuwa mpishi kwa Wazungu Muthaiga. Enzi za ukoloni kupika, kufua na kupiga pasi kwenye nyumba hizo zilikuwa hasa kazi za wanaume. Leo nikimwambia mke wangu tuandike kijana wa kiume awe mfanyakazi wa nyumbani, atadhani nina homa.

Skwodi wa Rongai
Nimechelewa, nilikuwa barabarani. Mimi ni dereva wa matatu. Beji ya PSV, yaani ya magari ya abiria, ninayo na leseni haina doa. Wenye magari wanasifu kwamba sisi wanawake hatugongi ovyo, ila gari la kushinda nalo hawanipi. Napewa skwodi tu, yaani kumshikia dereva mwenye gari lake kwa muda, saa sita mchana, abiria hakuna. Fatuma Ahmed alifanywa Meja Jenerali 2018, Martha Koome ni Jaji Mkuu tangu 2021, na mimi naulizwa, "Saa kumi alfajiri utatokaje nyumbani?" Nikamwambia mwenye gari, wale akina mama wa mboga wanaokwenda soko la Marikiti saa hiyo hiyo wanatokaje? Alicheka. Gari bado hajanipa.